Mstari Mmoja wa Buluu

Jua lilikuwa linazama Kimya alipobisha mlango wa masjala. Wote walidhani anaitwa Kimya kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Jina lake la kuzaliwa hata mwenyewe hakulijua. Kichanga chake alikuwa amekiacha kwa shangazi, na alitaka arudi upesi kabla hakijalilia ziwa.

Kesho mtoto angepewa jina. Shangazi alishikilia liwe la bibi mzaa babu, hataki jingine. Kimya alipouliza walioitwa hivyo zamani wako wapi, shangazi alimjia juu.

"We mama, maswali hayo kamuulize karani!"

Basi akaenda kumuuliza.

Karani, mzee aliyejulikana kama Babu Wino, aliangua kicheko. "Leo Kimya kapata ulimi? Kaa, mjukuu wangu."

Akafungua daftari la zamani la watu. Lilinuka kama nguo zilizosahauliwa sandukuni. Akaweka kidole kwenye jina la bibi.

"Wino mweusi ni wa siku ya kuhesabiwa. Wa buluu uliongezwa baadaye. Mtu akihama, akiolewa, akifa... hatufuti. Tunakata neno kwa mstari mmoja, la zamani lisomeke, tunaandika jipya juu yake. Pembeni tarehe na sahihi."

Kimya akainama kusoma. Juu ya jina, kwa buluu: Amefariki.

Neno hilo lilikuwa limekatwa. Juu yake: Amerudi.

Nalo limekatwa. Amefariki. Limekatwa. Amerudi...

"Babu... mtu anarudi vipi?"

"Hata mimi sijui." Sasa mzee alinong'ona. "Tarehe zipo, sahihi hakuna. Na mwandiko huu si wa karani yeyote ninayemjua."

"Na hivi vifo?"

"Watoto wa ukoo wenu, mjukuu wangu. Wote waliitwa jina hilo. Hakuna aliyeota meno."

Amerudi la juu kabisa halikuwa limekatwa.

Asubuhi ya siku hiyo Kimya alikuwa amemsikia shangazi akimnong'oneza mtoto jina lile sikioni. Kumbe ameshafika... kwa mwanangu!

Taa ikapepesa. Ikazimika.

"Ngoja nilete kandili," alisema Babu Wino, akatoka akipapasa ukuta.

Dirishani mwanga ulibaki kidogo tu. Kimya akaichukua kalamu ya mzee. Akalikata lile neno, mstari mmoja, kama alivyoelezwa. Pembeni akaandika tarehe. Akatia sahihi.

Harufu ya wino mbichi ikajaa chumbani. Mkono wake ukawa wa baridi.

Babu Wino akarudi na kandili. "Umefanya nini?"

"Nimemfukuza, babu. Asimchukue mwanangu."

Mzee akasogeza mwanga pembeni mwa ukurasa. Akasoma tarehe ya zamani iliyokuwa kando ya lile neno.

"Huyu hakurudi kwa mwanao," alisema polepole. "Hii ni siku uliyozaliwa wewe. Marehemu mama yako ndiye aliyelificha hilo jina lako la kuzaliwa, akakuita Kimya ili upone..."

Akainua uso. Akaangaza kandili huku na huku.

"Kimya? Mbona umeondoka bila kuaga?"

Kimya alikuwa bado amesimama mbele yake.

Kimya alikimbia. Mtaani hakuna aliyempisha. Hakuna aliyemgeukia. Alifika kwao anahema, akagonga.

"Hodi! Shangazi, hodi!"

Shangazi akafungua, mtoto mkononi. Akachungulia kulia. Akachungulia kushoto.

"Nani?"

"Mimi, shangazi! Nipe mwanangu!"

"Upepo tu," shangazi alimwambia mtoto. "Huyo mama yako naye, akitumwa hataki kurudi."

Lakini mtoto alikuwa amemkazia macho Kimya. Hakupepesa.

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia.

Ndani, mtoto akaanza kulilia ziwa.

Nje, gizani, blauzi ya Kimya ikalowa maziwa.