Kidole cha Tunu na Birika la Bibi

Tunu ana miaka mitano na kazi moja kubwa. Wageni wakija kula kwa Bibi Somoe, yeye ndiye huwanawisha mikono.

Hubeba birika jekundu la plastiki. Hupita kwa kila mgeni, chururu, chururu. Na kila mgeni humwambia, "Ahsante, mwanangu."

Ijumaa moja Bibi alipika pilau. Harufu ikafika mpaka kwa jirani, na jirani naye akafika.

Tunu akawamwagia wageni maji. Wakajipaka sabuni. Mjomba Shomari akajipaka mpaka kwenye viwiko, maana yeye hana kiasi.

Hapo Tunu akapata wazo. Je, kidole kinaweza kuzuia maji? Akakitia kwenye mdomo wa birika.

Kiliweza. Maji yakakoma kabisa. Tatizo ni kwamba kidole nacho kilikataa kutoka.

Mjomba akavuta, teleee, mikono ikateleza kwa sabuni. Shangazi Mwanaisha akavuta, teleee. Jirani akavuta, teleee, akaanguka chali mkekani.

Tunu akaanza kulia. "Nitaenda shule na birika? Nitalala na birika?"

"Twende hospitali," akasema Bibi.

Hospitali haikuwa mbali. Bibi mbele. Tunu na birika katikati, chubwi, chubwi. Nyuma wageni wote, mikono juu, povu tupu. Pilau ikabaki nyumbani peke yake.

Kwiii. Mlango wa chumba cha dharura ukafunguka. Nesi Gaudensia akainuka kitini.

"Haya, leo mmeniletea nini?"

Tunu ana adabu hata akilia. Akainua mkono, birika nalo likainuka. "Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe birika, hujambo?"

Tunu akaacha kulia kidogo, asikilize. Birika halikujibu.

"Na hawa wenye povu wanaumwa nini?" akauliza Nesi.

"Hatuumwi," akasema Mjomba Shomari. "Tunasubiri maji."

"Kwenu hakuna bomba?"

Wageni wakatazamana. Bomba lipo, uani, pale pale. Hakuna aliyelikumbuka.

Nesi akawaonyesha sinki. Kisha akachuchumaa mbele ya Tunu.

"Utakikata?" Tunu akanong'ona.

"Kidole? Hapana. Ikishindikana kabisa, tutakata birika."

Tunu akamtazama Bibi. Bibi alilipenda birika lile. Kila jioni alilisugua mpaka linang'aa.

"Likateni," akasema Bibi. "Mabirika yamejaa dukani. Kidole cha mjukuu wangu hakiuzwi popote."

Tunu alifurahi sana kusikia hivyo. Akamwegemea Bibi.

"Tusiwe na haraka," akasema Nesi. "Kidole kimevimba. Kimevutwa na ukoo mzima. Inua mkono juu, kipumzike."

Tunu akainua mkono. Wakasubiri.

Kwiii. Mlango ukafunguka.

"Haya, leo mmeniletea nini?"

Aliingia baba mmoja mnene, kashika sikio. Ndani ya sikio mlikuwa na punje ya mahindi.

"Nilitaka kujua kama itaingia," akasema kwa sauti ndogo.

"Na imeingia," akasema Nesi. "Kaa hapo, baba. Zamu yako inakuja."

Tunu akacheka. Kumbe na watu wazima wamo.

"Nesi," akauliza, "unaipenda kazi hii?"

"Naipenda sana. Mlango ule ukifunguka, sijui nitaona nini. Siku nyingine mtu anaumwa sana. Hapo sicheki, ninamshika mkono na kumtibu. Lakini wengi huingia wanalia na kutoka wanacheka. Na mimi ninakuwepo hapo katikati."

Nesi akapaka mafuta, mengi, mpaka kidole kikameremeta. Hakuvuta. Alizungusha taratibu. Kulia kidogo. Kushoto kidogo. Kulia tena.

Pwak.

Kidole kikatoka. Na maji yote ya birika yakatoka nyuma yake, chururuuu, yakaingia ndani ya viatu vya Nesi.

Nesi akatazama viatu vyake. Akanyanyua mguu mmoja, chwaka. Akanyanyua wa pili, chwaka.

"Wenzangu hunawishwa mikono," akasema. "Mimi nimenawishwa miguu."

Akacheka mpaka akashika meza. Tunu akacheka. Wageni wakacheka. Baba wa mahindi akacheka mpaka akasahau sikio lake.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Nesi, "ukitoka kazini uje ule kwetu."

Jioni Nesi akaja, viatu bado vimelowa. Tunu akachukua birika. Akammwagia maji polepole, mpaka povu lote likaisha.

Kisha akakaa karibu naye, karibu kabisa. Akala tonge. Akapiga miayo. Akala tonge jingine, akapiga miayo mirefu zaidi.

Kabla sahani haijaisha, Tunu alikwisha kulala, kichwa mapajani mwa Nesi Gaudensia. Nesi akaendelea kula pilau, taratibu sana, asimwamshe.