Seli za Qali

"Tisa, mtungi umetoka zizini."

Simu ya setilaiti ya Thuraya ikakatika. Nasteho Shirwa alivaa viatu na kutoka mbio.

Chuoni Garissa walimjua kama mtafiti wa seli za saratani ya ubongo, mwanamke aliyezungumza zaidi na darubini kuliko na watu. Hilo lilikuwa kweli. Kwamba alikuwa pia Tisa, jasusi mwenye Glock chini ya koti jeupe, alilijua mkuu wake wa Nairobi peke yake, ndiye aliyepiga simu ile.

Maabara ilikuwa wazi. Wenzake walikuwa bado kwenye swala ya Ijumaa. Pale uliposimama mtungi wa naitrojeni ya kugandishia seli, sakafu ilikuwa tupu.

Mtungini mlikuwa na vichupa sita. Seli zilizotolewa kichwani mwa Qali, mama wa watoto watatu kule mtaa wa Waberi. Dawa zote zilikuwa zimeshindwa kuziua. Jumatatu Nasteho angejaribu ya mwisho, na madaktari walingoja jibu lake ndipo wamtibu mgonjwa. Zikiyeyuka, hakuna jibu. Na kichwa kile kisingeweza kupasuliwa tena.

Aliogopa. Wiki mbili sasa, dalali mmoja wa kigeni alikuwa akizunguka mjini akiulizia seli hizo.

"Nani ametoka?" alimuuliza mlinzi wa lango.

"Abdinasir, daktari. Ile derefa. Ameenda na Probox."

Nasteho aliwasha Land Cruiser, akashika redio.

"Kizuizi cha barabara ya Bura. Mmeona Probox nyeupe?"

"Imepita, madam. Ina mtungi wa mifugo. Karatasi inasema mbegu za ngamia."

Alisonya. Pande hizi zote, kuanzia Bura hadi Hadado, hakuna anayepandisha ngamia kwa mrija. Dume huletwa mwenyewe, kwa miguu yake. Lakini askari aliyehamishwa juzi kutoka milimani angejuaje?

Kilomita mia na arobaini kwa saa.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Za huyu zisingefika jioni.

Probox ilikuwa imeegeshwa kwenye kiwanja cha ndege cha murram, nje ya Bura, na Cessna tayari inanguruma. Abdinasir alichuchumaa kando ya mtungi. Dalali alisimama juu yake, bastola ikielekea chini.

"Tupa silaha," alisema kwa Kiswahili cha darasani. "Au napiga mtungi risasi."

Nasteho alitupa Glock.

Ndipo akaona kifuniko. Kilikuwa kimekazwa kwa mpira wa tairi, juu yake kamba ya nailoni. Hata uzi wa mvuke haukutoka.

Mtungi wa naitrojeni haukazwi kamwe. Lazima upumue, maana naitrojeni ikipata joto hugeuka gesi.

"Nani amefunga hivi?"

"Ni mimi, abaayo, dada yangu," alisema Abdinasir, macho chini. "Barabara mbaya, nilikuwa naogopa itamwagika. Mama yangu anauza maziwa ya ngamia. Tangu utoto nafunga mitungi, hata tone haitoki."

"Tangu wapi?"

"Tangu Garissa."

Saa nzima ya kutikiswa juani. Kilichokuwa mbele yao sasa ni bomu.

"Fungua," dalali alimwamuru Nasteho. "Nataka kuhesabu vichupa." Akainama.

Nasteho alichomoa kisu chake cha Leatherman. "Rudi nyuma sana," alimwambia Abdinasir kwa Kisomali. Dalali hakutafsiriwa.

Nasteho alipiga magoti ubavuni mwa mtungi, akageuza uso, akakata kamba.

Paa.

Kifuniko kilimpiga dalali kidevuni. Wingu jeupe likawafunika wote, baridi ya kuunguza. Lilipotawanyika, mgeni alikuwa chali, na bastola yake mkononi mwa Nasteho. Rubani alizima injini bila kuambiwa.

Nasteho aliinua kikapu cha vichupa kidogo tu. Vyote vilikuwa bado barafu tupu. Akakishusha, akakiweka kifuniko juu bila kukikaza.

"Umeniokoa, abaayo," Abdinasir alisema, mikono kichwani.

"Wewe ulimuuza Qali," alimjibu, akamfunga pingu.

Jumamosi asubuhi, seli za kichupa kimoja zilikuwa tayari zimeshikamana na sahani ya kioo. Ziling'aa chini ya darubini, zikinyoosha vidole vyao vyembamba kutafutana. Nasteho alimshukuru Mungu hadi machozi yakamtoka. Kisha akaona aibu. Hizo ndizo zilizokuwa zikimla Qali.

"Vipi?" mkuu aliuliza kwenye simu.

"Ziko hai."

"Hongera, Tisa."

"Bado. Jumatatu naanza kuziua."

Akatundika koti, akatembea kwenda Waberi kumjulia Qali hali.