Misumari Katika Msitu wa Comadre

Asubuhi ile nyavu za kukusanyia mbegu zilikutwa zimesukwa. Zimesukwa mikia mikia, kama nywele za bibi harusi, katikati ya kile kipande cha msitu kilichosalia kati ya mashamba ya miwa.

Joselia, mtafiti wa miti, aliwaka. Nusu ya umri wake ameimaliza humo, akiipigilia miti vibati vya namba kwa misumari na kupima unene wake kila mwaka.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Siyo mtu, dada," alinong'ona Adeilton, mdogo wake aliyefanya naye kazi. "Ni Comadre Fulozinha, jini mwenye msitu. Tangu umkataze mpishi wetu Zefinha kumwekea uji wa asali na tumbaku..."

"Asali inavuta wanyama, inaniharibia utafiti! Mwambie huyo jini wako aje kwangu!"

Loo, mdomo ule! Sikio la kufa halisikii dawa.

Jini hakwenda kwake. Mchana kweupe mluzi ulilia karibu, ukalia mbali, harufu ya tumbaku ikawajaa puani na hakuna aliyevuta, ndege wakanyamaza, na futi ya kupimia ambayo Adeilton alikuwa ameizungusha kwenye mti ikaanza kujivuta yenyewe, ikampitia kifuani, ikambana kwenye gome, ikakaza kila alipotoa pumzi, hadi macho yakamtoka pima.

Kisu cha Joselia hakikuikata. Zefinha alifika mbio kwa zile kelele.

"Ng'oa misumari yako, mwanangu! Yote!"

"Nikiing'oa nimepoteza kazi yangu yote!"

"Na ndugu yako je?"

Aling'oa. Aling'oa kwa hasira, huku analia, akimtukana jini na mama yake jini, na kila msumari ulipotoka futi ililegea. Alipoufikia mti wa kwanza aliowahi kuupa namba, Adeilton alikuwa ameshaanguka chini, anahema. Joselia aliutazama ule msumari wa mwisho.

"Huu huupati, mwanaharamu wewe!" alisema, akatia nyundo mkobani.

Nyumbani Zefinha alimvua Adeilton shati amkande. Akapiga ukelele. Juu ya moyo wa kijana kilikaa kibati cha namba moja, kinapanda na kushuka kwa pumzi zake, kichwa cha msumari kimezama nyamani.

"Dada," Adeilton aliuliza polepole, "ulibakisha?"

Joselia alinyakua nyundo, akarudi msituni mbio. Pale uliposimama ule mti palikuwa patupu, hata shimo hakuna.