Msomaji wa Kwanza

Haya yalimpata dada mmoja ambaye nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta tu, nami nayasimulia kama alivyonieleza mwenyewe. Kazini walimwita Msomi. Si kwamba alikuwa na shahada. Hata sekondari aliimaliza kwa kujivuta. Ila kwenye chumba cha kupigia pasi, mvuke ukiwa umetanda mpaka watu hawaonani nyuso, yeye alikuwa na kitabu kwenye mfuko wa aproni. Asubuhi alipiga pasi mashuka ya hoteli, mchana mashati ya watu wa ofisini, na katikati ya shati na shati aliiba ukurasa mmoja.

Nyumbani aliishi na mama yake. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshaoa na kuhamia upande wa pili wa mji.

Siku za Jumamosi Msomi alikwenda kwenye darasa la uandishi. Lilifundishwa na mzee mmoja, mhariri mstaafu wa gazeti, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Msomi alikuwa anaandika kitabu juu ya mama yake na alikuwa amekwama. Kila akiandika, alijikuta anawaza shangazi zake watasemaje, kaka atasemaje, wenzake wa kazini watacheka wapi.

"Unawaandikia watu wengi mno," mhariri alimwambia. "Mchague mmoja. Katika waandishi wote uliowasoma, nani unampenda kuliko wote?"

Msomi hakufikiri mara mbili. Mwandishi wake alikuwa mama mmoja aliyefariki miaka tisa nyuma na kuacha riwaya saba nyembamba. Msomi alizisoma mpaka majalada yakaachia. Alichompendea ni kwamba hakulionea neno huruma. Sentensi zake zilikuwa kama zimenyolewa.

"Basi mfanye huyo awe msomaji wako wa kwanza," mhariri alisema. "Kila ukimaliza ukurasa, mpe. Mkaribishe kabisa. Muulize, hapa wewe ungenifutia nini?"

Jumapili mchana Msomi aliweka daftari mezani, akaligeuza lielekee kiti cha upande wa pili, akajikohoza kama mtu anayeingia ofisini kwa mkubwa.

"Karibu, mama," alisema. "Wewe ndiye msomaji wangu wa kwanza. Soma, na usinibembeleze."

"Unaongea na nani huko?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Na kiti, mama."

"Haya. Kikikujibu, kiulize kama kimekula." Akaangua kicheko. Mama huyu akicheka alicheka kwa mwili mzima, mpaka akashika meza.

Msomi akaenda kuanua nguo. Aliporudi, ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari wa penseli. Sentensi tatu zilikuwa zimekatwa, na pembeni kulikuwa na maneno mawili kwa mwandiko mdogo ulioinama: *Maneno mengi.*

Kwenye nyumba ile hapakuwa na penseli.

Alimuuliza mama yake, mama akamwambia aache utani. Alisoma tena ukurasa. Bila zile sentensi tatu, ulikuwa umesimama wima. Kisha akachukua ile riwaya ambayo ndani ya jalada walichapisha mwandiko wa marehemu. Herufi zilikuwa zilezile, hadi ule mkia wa g uliovunjika kama mguu wa panzi.

Mtu mwingine angelichoma daftari siku hiyohiyo. Msomi alifurahi. Hilo aliwahi kulikiri mwenyewe.

Sura ya pili aliieleza namna mama yake anavyotembea. Goti la kushoto lilikuwa limeharibika tangu alipoanguka kwenye ngazi, na mguu ule aliuburuta. Msomi aliandika kurasa mbili nzima juu ya sauti ya kandambili ile moja inayokwaruza sakafu. Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, alizikuta zimekatwa zote. *Mguu huu hauongezi kitu.*

Akiwa bado amesimama na daftari mkononi, mama yake alipita akielekea bafuni. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Mama! Mguu?"

"Mguu umefanyaje?"

"Hauumi?"

Mama aliutazama mguu wake kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Tangu lini mguu wangu uliuma?"

Msomi alipiga pasi siku nzima huku akilia na kucheka. Watu wakadhani ameposwa. Jioni alikiinamia kile kiti na kunong'ona, "Asante."

Sura ya tatu aliandika kicheko cha mama. Alikiandika kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, jinsi kinavyoanzia tumboni na kuwaambukiza hata waliokuja kutoa pole.

*Kicheko kimezidi. Kiondoke.*

Aliposoma hivyo alikimbilia jikoni. Mama yake alikuwa anasikiliza vichekesho redioni. Mabega yalikuwa yanaruka. Mdomo ulikuwa wazi. Sauti haikutoka. Mama aligusa koo lake, akashangaa kidogo, kisha akazima redio na kuendelea kumenya viazi.

Sasa Msomi aliogopa. Alirudi mezani, akaandika upya kila neno la kicheko kile, kwa wino, kwa herufi kubwa. Akaketi kulilinda daftari. Alipepesa macho mara moja tu. Maneno yalikuwa yamekatwa tena, na safari hii penseli ilikandamizwa mpaka karatasi ikachanika. Jikoni, mama alianza kukohoa. Alikohoa hadi jua likazama.

Msomi aliacha kuandika. Alifikiri hilo lingetosha.

Siku ya tatu, kazini, alikunjua shuka lililotoka kwenye mashine likiwa bado linafuka mvuke. Katikati yake kulikuwa na karatasi kavu, baridi. *Nasubiri sura ya nne.*

Alilichoma daftari uani, akasimama mpaka likawa majivu, akayamwagia maji. Alipoingia ndani lilikuwa mezani, mbele ya kile kiti. Halikunuka moshi. Na sura ya nne ilikuwa imeanza. Kwa mwandiko wake yeye Msomi.

Jumamosi alimpelekea mhariri. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, nje ya mlango, wenzake wakiwa ndani. Mzee alivaa uso wa huruma, akachukua daftari, akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama. Wa pili akausoma amekaa kwenye ngazi. Msomi alimngoja.

"Nisaidie, mzee wangu. Nimwambieje aondoke?"

Mhariri hakuinua macho.

"Mzee?"

"Hii sasa ni kazi," alisema polepole. "Miaka thelathini nimehariri watu. Sijawahi kuona..." Akafunua ukurasa mwingine. "Sura ya tano iko wapi?"

Msomi alimpokonya daftari mikononi. Mzee alilishikilia kidogo kabla ya kuliachia.

Msomi alikwenda kwa kaka yake. Kaka alimsikiliza, akamtazama mkewe, akamwambia apumzike, aombe likizo. Msomi alikwenda kulitupa daftari kwenye jalala la mbali, akapanda basi kurudi, na akalikuta mezani. Alikitoa kile kiti nje, akakivunja kwa shoka mbele ya mama yake, ambaye kwa siku hizo alikuwa anazungumza kwa sentensi fupi, fupi zaidi kila kukicha. Alikuwa mtu wa maneno, mama yule. Sasa akiulizwa kama amelala vizuri alijibu, "Nimelala." Akiulizwa ameota nini, alitafuta kitu ambacho hakikuwepo tena.

Jumapili, saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, mlango uko wazi, watoto wanacheza mpira barabarani. Msomi alikuwa mezani na mama alikuwa jikoni, hatua sita tu kati yao. Daftari lilikuwa wazi. Hakuwa amelifungua yeye.

*Hadithi hii ni ya binti,* iliandikwa juu ya sura ya tano. *Mama aondoke.*

"Mama!"

"Naam."

"Njoo hapa ukae na mimi."

"Naosha vyombo."

"Mama, tafadhali. Njoo."

Maji yalikuwa yanatiririka. Mama akanong'ona, na mnong'ono ule ulifika mezani kana kwamba ametia mdomo sikioni.

"Mwanangu. Nani huyo amekaa mbele yako?"

Mbele yake hapakuwa na kiti. Kiti alikivunja.

Msomi alitaka kusimama. Miguu ilikataa. Aliikamata kalamu, akaandika. Mama yupo. Akaandika tena. Mama yupo. Mama yupo. Ndipo akaona. Mstari wa penseli ulikuwa unatembea. Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na penseli. Mstari ulikuja tu nyuma ya kalamu yake, bila haraka, ukikata kila alichoandika. Mama yupo. Ukakata. Aliongeza mwendo. Mstari ukaongeza. Mama. Ukakata. Ma.

Ukakata.

"Mama?"

Maji yalikuwa yanatiririka.

Miguu ilipomrudia alifika jikoni. Bomba lilikuwa wazi. Kwenye sinki kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Alikwenda chumbani kwa mama. Kitanda hakikuwepo. Kulikuwa na maboksi na baiskeli mbovu, na vumbi la miaka.

Alimpigia kaka yake. Alipiga mayowe tu kwenye simu, hadi kaka akaja na teksi.

"Mama ameondoka," Msomi alimwambia. "Ameondolewa."

Kaka alimshika mabega. "Mama yupi?" aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza. "Dada yangu, mama tulimzika ukiwa na miaka sita."

Sisi majirani tulikusanyika pia. Msomi alinishika mkono, akaniambia mimi nilikuwa nacheka upande wangu wa ukuta kila mama yake akicheka, kwamba yule mama aliwahi kunilelea mwanangu wiki nzima nilipolazwa. Alinisihi niseme nakumbuka. Nilitaka kumwambia ndiyo ili atulie. Nilijaribu kweli. Lakini sikumbuki mama yeyote kwenye nyumba ile. Wiki ile niliyolazwa naikumbuka, na mwanangu alilelewa vizuri. Nani alimlea, siwezi kusema.

Daftari halikuonekana tena. Msomi hakuandika tena, hata orodha ya sokoni. Alirudi kwenye pasi zake.

Miezi minne baadaye, akiwa kazini, alipigiwa simu na nesi wa kliniki moja ya macho ambayo hakuwahi kufika.

"Mama yako amesahau miwani yake hapa," nesi alisema. "Ameacha namba yako."

Msomi alivua aproni na kutoka bila kuaga. Kliniki ilikuwa na benchi moja na feni. Nesi alimpa bahasha.

"Ameondoka sasa hivi tu. Mama mcheshi, lakini sijui kwa nini, akicheka hatoi sauti. Alikuwa na mwenzake amemshika mkono. Yule mwingine ndiye aliyekuwa na haraka."

"Wameelekea wapi?"

Nesi alionyesha mlango. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu mpaka mwisho wake.

Msomi alifungua bahasha palepale benchini. Miwani ilikuwa ya mtu mzima, mkono mmoja umefungwa uzi. Aliishika kwenye mwanga. Vioo vyote viwili vilikuwa na ukungu, kama mtu amevipulizia pumzi ili avifute. Alisubiri ukungu ule ukauke.

Miwani iko kwake mpaka leo. Nimeiona. Bado haijakauka.