Mshono Uliotapikwa

Fundi huyu wa suti hakuwa na urefu. Hakuwa na duka. Alikodi kona ya baraza la mtu. Hakuwa na kioo kizima, kwa hiyo wateja walizitazama suti zao nusu nusu. Hakuwa na mke, wala mtu wa kumuuliza jioni kama amekula. Alichokuwa nacho ni ulimi, nao mchana aliufunga, maana wateja hawampendi fundi mjuaji. Aliufungulia kwenye simu.

Huko kulikuwa na kundi la mafundi cherehani. Kila Ijumaa wanachama walituma picha ya nguo iliyogeuzwa ndani nje, ili wenzao waikague mishono. Majina yalifichwa kwa makusudi, mwanafunzi apate kumkosoa fundi mkuu bila kuogopa. Kanuni nzuri kabisa. Lakini huyu, aliyejiita Mkasi, alilifanya kundi choo cha stendi: unaingia, unajisaidia, unatoka bila kumwaga maji.

Yeye na mwanamke mmoja walikutana saa sita mchana, duka la vitambaa limefurika watu. Mikono miwili ilishika jora moja la bitana ya kijivu.

"Kaka, niachie. Mimi nimelishika kwanza."

"Dada, wewe umeshika ncha. Mimi nimeshika jora."

"Basi libebe, na mimi nikiwa nimening'inia."

Dada akacheka. Alivaa gauni la zambarau, kola imetulia shingoni bila mkunjo, futi ya kupimia imesahaulika mabegani. Alikuwa fundi wa magauni. Waligawana bitana, wakapeana namba, na simu hazikupoa tena.

"Umekula, laazizi?"

"Sijala. Nasubiri unialike."

"Mchoyo kama wewe? Bitana tu ulinipa nusu kwa kilio!"

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha siku moja bibie akafika kwenye ile kona, macho mekundu.

"Ngoja nikusomee alichoniandikia mtu kule kundini. Ni gauni langu la kwanza la harusi. 'Mshono huu haukushonwa, umetapikwa. Aliyeushona anawe mikono, kisha asiguse tena nguo ya binadamu.'"

Fundi wa suti akacheka. Kicheko kilimtoka kabla ya kufikiri, kwa sababu sentensi ile aliipenda. Aliitunga mwenyewe, akijilamba midomo.

"Unacheka?"

"Hapana, mpenzi, ni kwamba..."

"Watu mia mbili walicheka. Nilidhani wewe utabaki upande wangu." Akaitumbukiza simu mkobani. "Cherehani nimeipatia mnunuzi. Anakuja kuichukua Jumamosi."

Alipoondoka, mwanamume akafungua simu na kusoma kila alichoandika kwa miaka miwili. 'Kwapa hili linanuka uzembe.' 'Mama yako akiliona hili atakukana.' Kinywa kikajaa mate machungu. Alikuwa kama mtu aliyetema kohozi kwenye sahani ya mwenzake, kisha akaomba chumvi.

Akatafuta njia ya mkato. Alijipa jina jingine la kujificha, akalisifu lile gauni kwa maneno matamu. Jioni simu ikaita.

"Kuna mtu kanisifu."

"Si unaona! Huyo anaijua kazi."

"Huyo nani? Naye hana uso. Anayenitukana simjui, anayenisifu simjui. Nitajuaje kama si mtu mmoja?"

Akaihamishia simu sikio la pili.

"Upo?"

"Nipo."

"Kile kicheko chako bado nakisikia. Kwaheri."

Fundi viatu, jirani yake wa barazani, aliyekwisha kuambiwa mkasa wote, akashangaa. "Lifute hilo jina, bwana, uoe! Nani atakujua?"

"Nilale naye kitanda kimoja, huyo Mkasi akiwa katikati yetu?"

Siku ya Ijumaa akanunua karatasi, kwa kuwa ya kwenye simu hufutwa. Aliyanakili matusi yale neno kwa neno, kwa mwandiko wake. Chini yake akaandika:

"Ni mimi niliyeandika haya. Na aliyekusifu juzi ni mimi pia. Gauni lako nimelitazama leo, mara ya kwanza kwa haki. Bega la kushoto limevuta kidogo. Ukililegeza nusu sentimita litatulia. Mengine yote ni kazi safi kuliko yangu. Uniache ukitaka, ni haki yako. Cherehani usiiuze."

Akaandika majina yake matatu, la babu likiwa la mwisho. Akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akampa mwendesha pikipiki.

"Mpe mwenyewe mkononi. Akiuliza imetoka kwa nani, mtajie jina langu."

"Nimwambie nini tena, mzee?"

"Basi. Nenda."

Pikipiki ikaondoka.