Kiota cha Kamongo

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliketi kwenye kigoda, baba yake akamsuka nywele. Baba alikuwa fundi cherehani. Tangu mama aende masomoni mji mwingine, kazi ya kusuka ilikuwa yake, na mistari yake ilinyooka kama mshono. Chiriku naye alipiga soga bila kupumua. Jina hilo hakulipata bure.

Siku hizo habari zake zote zilikuwa za kamongo, samaki mrefu kama nyoka. Kwenye kinamasi nyuma ya shule, mtaalamu wa samaki, mama mmoja mcheshi ambaye wanafunzi walimwita Mama Kamongo, alikuwa amewaonyesha kiota kati ya matete.

"Mwenye kulinda ni dume," aliwaeleza. "Jike hutaga akaondoka. Baba hubaki wiki nyingi na watoto, na akikusogelea atakung'ata! Wamebaki wachache, na akiwa kiotoni ni rahisi kumvua. Basi, mahali hapa pawe siri yetu."

Chiriku alijitahidi siku nne nzima. Siku ya tano alipita kwa mjomba wake, muuza samaki sokoni, na ulimi ukamponyoka.

"Mkubwa kiasi gani?" mjomba aliuliza.

"Mrefu kunishinda mimi!" Chiriku akajibu, akamwonyesha kwa kidole upande wenyewe.

Kesho yake asubuhi maji ya kiota yalikuwa yametulia tuli. Makinda, yenye matamvua ya kupumulia yaliyotokeza nje kama vinyoya, yalikuwa yamejibana kwenye mizizi, na samaki wengine walikuwa wakiyadonoa. Dume hakuwepo.

"Kuna aliyemwambia mtu?" Mama Kamongo aliwauliza wanafunzi taratibu.

Chiriku alitazama viatu vyake. "Mimi sijui," akasema.

Saa ya mapumziko alikimbia sokoni. Chini ya meza ya mjomba, ndani ya karai lililofunikwa gunia bichi, kitu kizito kilijigeuza, kikatoa pua na kuvuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyechoka. Kilikuwa hai! Chiriku alitoka pale akilia hadi kwa baba yake, akamwaga yote, hata ule uongo.

Baba alisimamisha cherehani. Hakufoka. Alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Mama Kamongo unamwambia wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nitasimama pembeni yako."

Walimkuta Mama Kamongo kinamasini, na Chiriku akamweleza yote. Mama Kamongo alifumba macho kidogo. "Kamongo ana mapafu," alisema. "Samaki mwingine angekuwa amekufa zamani. Twende, haraka!"

Sokoni mjomba alikuwa akinoa kisu.

"Mjomba, shikamoo. Tafadhali usimkate," Chiriku alisema. "Ana watoto. Mimi ndiye niliyekosea kukuambia."

"Marahaba. Watoto?" Mjomba aliinua gunia, akamtazama yule samaki, kisha akamtazama shemeji yake. "Shemeji, kumbe nimemkamata baba wa watu akiwa kazini? Mbona hamkusema!"

Akaweka kisu chini, akakamata upande mmoja wa karai.

Walimwachia taratibu kwenye matete. Samaki alilala bila kutikisika, kisha akajivuta akapotelea kwenye majani, mbali na kiota.

"Atarudi?" Chiriku aliuliza.

"Sijui, binti yangu," Mama Kamongo alijibu. "Sitaki kukudanganya."

Usiku ule Chiriku hakupiga soga. Asubuhi alikwenda na baba kwenye kinamasi, nywele zikiwa zimesukwa nusu. Mama Kamongo alikuwa ameshafika, amechuchumaa. Alimpa Chiriku fimbo. Chiriku aliisogeza karibu na kiota. Maji yakachafuka, na fimbo ikang'atwa kwa nguvu hata ikamtoka mkononi.

"Amerudi!" Alimrukia baba yake shingoni.

"Makinda mengi yameliwa," Mama Kamongo alisema, "na hayo hayarudi. Lakini yaliyobaki yana baba. Chiriku, ulivunja siri, kisha ukanidanganya. Ungeendelea kunyamaza hadi jioni, tusingekuwa na wa kumrudisha. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Mimi nitakusikiliza."

"Ndiyo, Mama," Chiriku alijibu. Akamshika baba mkono, wakasimama wakiyatazama maji.