Folda Ambazo Nabalayo Hakuzihesabu

Kila siku baada ya masomo, Nabalayo alipitia studio ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Ilikuwa studio ya chumba kimoja tu katika mtaa wa Free Area, mjini Nakuru. Hata hivyo, watu wengi waliijua kwa sababu Bi. Namalwa, mama yake, alikuwa amewapigia picha za arusi, ubatizo na mazishi kwa miaka kumi na minne. Nabalayo, aliyekuwa Gredi ya Saba, alifagia, akapanga fremu, kisha akafanya kazi ya shule kwenye meza ya dirishani.

Picha zote za studio zilikuwa katika diski tatu za zamani. Mwezi wa Mei, diski ya pili ilianza kukwaruza kila ilipowashwa. Mama aliingiwa na hofu. Alimweleza jirani yao, Mwalimu Wachuka, aliyefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, naye akamshauri waunde seva, yaani kompyuta maalumu ya kuhifadhi picha zote pamoja.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu alileta kompyuta kuukuu iliyokuwa imeachwa bila kazi. Akatia diski mbili mpya ndani yake, huku Nabalayo akikaza skrubu. Kisha akaweka programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia na hata kuirekebisha bila kulipa. Alimweleza Nabalayo kwamba kila picha ingeandikwa katika diski zote mbili, ili moja ikiharibika, nyingine ibaki nayo. Nabalayo alisikiliza kwa makini. Hakuwa amewahi kuona kompyuta ikifunguliwa hivyo, na alifurahi kuwa miongoni mwa waliokuwa wakiiunda.

Picha zilinakiliwa kwa siku mbili. Zilipokwisha, Mwalimu alimpa Nabalayo daftari na kazi ya kufanya. Alitakiwa kufungua kila folda katika diski za zamani, atazame idadi ya picha, ailinganishe na ile ya kwenye seva, kisha aweke tiki. Diski hizo zingefutwa baadaye na kutumiwa na wanafunzi wa chuo kwa mazoezi ya ufundi.

Diski ya kwanza ilikuwa na folda thelathini na moja. Nabalayo alizikagua zote kwa jioni mbili, na idadi zikalingana. Siku ya tatu alianza diski ya pili. Alipofika folda ya sita, aliwasikia wenzake wakipita kwenda kwenye mazoezi ya voliboli. Akajiambia kwamba kama folda zote hizo zilikuwa sawa, basi zilizosalia zilikuwa sawa pia. Akatia tiki hadi mwisho wa orodha, za diski ya tatu zikiwemo, akatoka mbio. Mama alipomuuliza jioni kama amemaliza, alijibu kwamba amemaliza. Ijumaa, Mwalimu Wachuka alizichukua diski zote tatu.

Asubuhi iliyofuata, mwanamke aitwaye Chepkosgei aliingia studioni. Alikuwa ametoka Ndabibi. Alieleza kwamba nyumba yake iliungua na hakuokoa chochote isipokuwa watoto. Mama yake mzazi alifariki miaka mitatu iliyopita, na picha zake zote ziliteketea. Ndipo alipokumbuka kwamba Bi. Namalwa alikwenda Ndabibi kupiga picha siku bibi huyo alipotimiza miaka themanini.

Mama alimpa kiti na kumtuliza, akamwambia picha zipo. Alifungua folda kwenye seva. Zilikuwamo picha tisa tu, zote za hema na viti kabla wageni hawajafika. Bibi hakuonekana hata katika moja.

Mama alitafuta tena na tena. Hatimaye alisema kwamba huenda programu hiyo ya bure haifai, akachukua simu ili amwulize Mwalimu Wachuka alichokifanya. Nabalayo alikumbuka tiki zake. Akinyamaza, lawama ingemwangukia mtu aliyewasaidia, na diski zilikuwa mikononi mwa mtu huyo zikingoja kufutwa.

"Mama, seva haina makosa," alisema. "Sikuzihesabu. Niliweka tiki tu."

Chepkosgei aliinamisha kichwa. Kisha mama akampa Nabalayo simu.

"Mweleze wewe mwenyewe."

Nabalayo alimweleza Mwalimu yote. Mwalimu alikuwa chuoni. Alikuwa ameshaifuta diski ya kwanza, na alipanga kuifuta ya pili baada ya chai. Aliahidi kutoigusa, na baada ya saa moja akafika studioni nayo.

Diski ilikwaruza na kukataa kufunguka. Mwalimu aliizima, akangoja, akajaribu tena. Mara ya tatu ilifunguka. Folda ya Ndabibi ilikuwa na picha mia mbili na kumi na mbili. Waliinakili papo hapo, na bibi akaonekana kwenye skrini, amevaa leso ya kijani, akicheka huku amempakata mjukuu. Chepkosgei aliinuka na kusogea karibu.

"Huyu hapa," alisema taratibu, akajifuta macho.

Mwalimu aligundua kwamba kebo ya diski hiyo ilikuwa imelegea wakati wa kunakili, hivyo folda tano zilikatika katikati. Kwa siku nne Nabalayo alikosa voliboli, akahesabu upya folda zote za diski ya pili na ya tatu, na zilizokatika zikanakiliwa tena hadi picha zote zikawa salama.

Jioni ya mwisho, mama alikaa kando yake.

"Nabalayo, kutamani kucheza si kosa," alimwambia. "Ungesema unataka kwenda voliboli, tungekusaidia au tungengoja. Lakini mtu akiandika kwamba amefanya kazi ambayo hakuifanya, wote wanaokuja baada yake hujenga juu ya uongo bila kujua. Ulichelewa kusema ukweli, ila ulisema kabla mambo hayajaharibika. Ndiyo maana yule mama amerudi kwao na picha za mama yake. Siku nyingine, useme mapema zaidi."